Ushahidi wa Kumzika Owiti

Wenye bunduki walifika alfajiri kwa boti mbili, wanawake wakiwa wanaanika omena, dagaa wa ziwani, kwenye ufuo mdogo wa ziwa kupita Usenge. Walifyatua risasi bila kuuliza lolote. Owiti, mumewe Rosa, alikuwa bado majini akivuta wavu. Alipopigwa, aliyemburuta hadi nchi kavu huku risasi zikivuma alikuwa Sajini Khaemba, msimamizi wa kituo cha polisi cha hapo. Khaemba alipigana mpaka risasi zikamwishia. Boti ya kituo haikuwa na injini. Watu tisa waliuawa, na Owiti akafia mikononi mwa sajini, Rosa akitazama.

Kwa wiki kadhaa Khaemba alikuwa amemlalamikia mkubwa wake wa Kisumu, Kamanda Robinson, kwamba boti ngeni zinazunguka eneo hilo. Robinson alimjibu aache kutisha wavuvi. Ufuo mzima ulijua hivyo.

Mchana Robinson alishuka kwa helikopta. Akasimama mbele ya kamera, akasema hakuwahi kupata onyo lolote, na kwamba ufuo ulivamiwa kwa urahisi kwa sababu sajini alitoroka. Kabla jua halijatua Khaemba alikuwa ndani.

Miili ilipelekwa mochari mjini Kisumu. Familia nyingine zilipewa watu wao wakazika. Mwili wa Owiti ukazuiliwa, eti kwa uchunguzi. Rosa akaenda, akarudishwa. Akaenda tena, akarudishwa. Nyumbani, mama mkwe wake Beldina aliacha kula. Waombolezaji wakaanza kurudi makwao mmoja mmoja.

Ndipo Robinson akamwita Rosa ofisini. Akamkaribisha chai, akampa pole.

"Mama, mzee wako anaharibika kule," akasema. "Hata friji ina mwisho wake."

Akamweleza kwamba tume ya uchunguzi ingekaa wiki hiyo. Akipatikana shahidi aliyemwona sajini akikimbia, uchunguzi ungefungwa na mwili ungetoka siku hiyo hiyo. Rosa akamwambia kwamba huyo sajini ndiye aliyembeba mume wake.

"Sasa nimembeba mimi," Robinson akasema, akamwongezea chai.

Siku ya tume Khaemba aliketi mbele akiwa na pingu. Alipomwona Rosa akiingia alitabasamu, akamnong'onezea wakili wake kwamba shahidi wao amefika. Mwenyekiti akamuuliza Rosa sajini alikuwa wapi risasi zilipoanza kulia.

"Alikimbia," Rosa akasema. "Alituacha."

Khaemba hakupiga kelele. Alimwita tu, mara moja, "Rosa," akaamriwa anyamaze.

Mwili ulitolewa jioni hiyo. Baadaye tume ikatangaza kwamba serikali haikuwa imepata onyo lolote, na wananchi waendelee kuiamini. Khaemba alifungwa. Robinson akapandishwa cheo, akahamia Nairobi.

Owiti alizikwa Jumamosi. Jeneza halikufunguliwa, harufu ilitosha. Miongoni mwa waombolezaji alikuwapo Nabututu, mke wa Khaemba, aliyekuwa ametoka Bungoma. Hakuna aliyempa kiti. Alisimama pembeni hadi kaburi lilipofukiwa, kisha akamwendea mjane.

"Pole, dada," akasema. "Nimekuja kukuuliza neno moja tu. Mume wangu ulimwona akikimbia kweli?"

Watu wote wa ufuo walikuwa pale, na wote walikuwa wameona. Wakainamisha vichwa. Beldina akamshika Rosa mkono, akaubana kwa nguvu. Rosa alilitazama kaburi. Lilikuwa bichi, na serikali iliyomrudishia mume wake ingeweza bado kuja kumfukua.

"Nilimwona," akasema.

Nabututu akaitikia kwa kichwa, akajifunga leso vizuri, akashika njia ya kwenda barabarani. Alipofika langoni, mwanamke mmoja ambaye asubuhi ile ya risasi alijificha nyuma ya Khaemba akapaza sauti kwamba huyo ni mke wa mwoga. Wengine wakaipokea, ikawa kama wimbo. Rosa hakuwanyamazisha. Baada ya muda naye akaitikia.