Lita Moja na Nusu

Chupa ya mkojo ilikuwa moja kwa vitanda viwili, na mistari yake ya vipimo ilikuwa imefutika nusu kwa kusuguliwa. Mzee wa kitanda cha kumi na nne aliielewa haraka kuliko mwanafunzi wa udaktari aliyekuja kumwelekeza. Miaka thelathini na mmoja alikuwa msoma mita wa idara ya maji, akiinama kwenye mashimo ya watu na tochi mdomoni, akisoma tarakimu zilizofunikwa na matope. Kipimo hakikuwahi kumshinda. Kilichomshinda asubuhi ile ya kwanza wodini ni kukojoa.

Alikuwa amevimba miguu hadi mapajani. Moyo wake, walimwambia, ni pampu iliyochoka, na maji yanabaki mwilini badala ya kutoka. Akapigwa sindano ya kukojoza. Akakaa ukingoni mwa kitanda, nyuma ya pazia lililopungukiwa kulabu tatu, akasubiri. Yakatoka matone, yenye rangi ya chai iliyolala. Hayakufika hata mstari wa kwanza.

"Mzee wa Mita!" aliita jirani yake wa kitanda cha kumi na tano, dereva wa lori mstaafu ambaye kifua kilikoroma hata akiwa macho. "Umefika wapi?"

"Bado niko njiani."

"Basi kanyaga mafuta. Usipofikisha lita moja na nusu kwa siku, wanakuwekea mpira wa mkojo. Mimi waliniwekea hapa hapa. Wanafunzi wanane wananitazama, na binti wa dada yangu kashika taa ya simu, maana umeme ulikuwa umekatika." Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Tangu siku ile akinisalimia anaangalia dirisha."

Mzee hakucheka. Yeye aliyekuwa akimwuguza si binti wa dada wala mtoto wa kumzaa. Ni mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee. Mwanawe alikuwa mgodini, mbali, mahali ambapo ukiomba ruhusa unakuta mtu mwingine kashavaa kofia yako. Tangu binti huyo aolewe, miaka sita, wawili hao hawakuwahi kukaa benchi moja. Akipita na taulo begani, baba mkwe huugeukia ukuta. Na sasa wodi yenye vitanda arobaini na viwili ilikuwa na muuguzi mmoja, na kazi ya kubeba chupa hadi mezani kwake ilikuwa ya ndugu wa mgonjwa.

Mzee akapiga hesabu. Maji yake ya kunywa yalikuwa ya kipimo, chupa mbili ndogo kwa siku, asizidishe hata funda. Ulimi ulikuwa umemganda kinywani. Alifungua chupa ya kwanza, akainusa, akaimimina yote kwenye ile ya mkojo. Rangi ikakataa, ikawa nyeupe mno. Akaongeza chai ya rangi ya asubuhi, kidogo kidogo, huku akiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha kama alivyokuwa akifuta kioo cha mita ili asikosee tarakimu.

Mkwewe akaja, akaipokea kwa mikono miwili, macho sakafuni. Kisha akasimama. Mzee aliona vidole vyake vikijipanga upya kwenye plastiki.

"Baba," alisema.

"Naam."

"Hapana. Naipeleka."

Jioni mzee alirudia. Muuguzi, ambaye miguu yake nayo ilikuwa imefura ndani ya kandambili, aliinua chupa, akajumlisha, akaandika. "Hongera, mzee wako anakojoa." Siku ya pili hakuinua.

"Kama jana?"

"Kama jana, sista."

"Mwaga tu."

Siku ya tatu daktari mkubwa alipita na wanafunzi wake. Alibonyeza mguu wa mzee kwa kidole gumba, shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa.

"Chati inasema anakojoa vizuri," aliwaambia wanafunzi. "Lakini uvimbe uko vile vile. Maana yake nini?"

"Anakunywa maji kwa kuiba," alisema mmoja.

"Mzee, unaiba maji?"

Wodi nzima ilitega masikio. Mzee, ambaye kwa siku tatu alikuwa akilowesha midomo tu, alijaribu kumeza mate, hayakuwepo.

"Nimekosa, daktari."

Watu wakacheka, wengine kwa huruma. Dawa ikaongezwa maradufu, maji yakapunguzwa hadi chupa moja. Kesho yake mzee akawa anaziba pengo la chupa ile kwa maji ya beseni la kunawia.

Alikuwa mtu wa kujivuna kwa jambo moja. Idarani, msomaji akikuta geti limefungwa, huandika K, yaani kadirio. Wenzake waliandika K wakiwa wamekaa kivulini. Yeye hakuandika, isipokuwa mwaka mmoja wa ukame, agizo liliposhuka kwamba mtaa wa bondeni wote uandikiwe K, ingawa mabomba yao yalikuwa makavu miezi minne. Aliandika nyumba mia mbili na kumi. Mama mmoja alimfuata hadi barabarani na karatasi yake mkononi, akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, nionyeshe hayo maji niliyokunywa." Aliongeza mwendo. Siku hizi, akiwa na chupa mikononi nyuma ya pazia, aliisikia sauti ile karibu zaidi kuliko kikohozi cha dereva.

Majibu ya damu yalichukua siku nane, kwa kuwa mashine ya maabara ilikuwa ikisubiri kemikali zake. Yalipofika, daktari aliyasoma amesimama, na hakumsemesha mzee. Alisema na wanafunzi.

"Figo zimezimika. Moyo ukidhoofu, figo zinakosa damu. Ukiendelea kuzikamua kwa dawa bila kujua kinachotoka, unazimaliza. Sasa mbona hapa kila siku lita moja na nusu? Nani anapima?"

"Ndugu, daktari," alisema muuguzi.

Nyuso zote zikamgeukia mkwe. Alikuwa ameshika beseni.

"Wewe. Unajua kusoma?"

"Najua."

"Basi hukuwa unapima, ulikuwa unabuni. Mnakuja hapa kupiga soga, halafu mgonjwa akifa mnalia kwamba hospitali imemwua."

Mkwe alitazama sakafu. Mzee alimngoja aseme, akaona kwamba hatasema, si leo wala siku yoyote, hata wakimfukuza wodini mbele ya watu. Akashika chuma cha kitanda, akajiinua.

"Mwache, daktari. Ni mimi. Nilikuwa natia maji." Akavuta pumzi. "Na chai."

Mwanafunzi mmoja alicheka kwa puani.

"Chai! Kwa nini?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini, mtu mzima wewe?"

Jibu lilikuwa limesimama hapo na beseni mkononi. "Haya tu," alisema mzee.

"Nilijua, baba," mkwe alisema polepole. Hakuinua macho. "Chupa ilikuwa ya baridi. Tangu siku ya kwanza ilikuwa ya baridi."

"Na hukusema!" daktari alimaka.

"Ningemwambiaje baba mkwe wangu, daktari?"

Daktari alivuta chati. Kidole chake kilishuka kwenye visanduku, siku baada ya siku, kikafika leo, kikapita leo, kikasimama. Alimtazama muuguzi. Muuguzi alikuwa akitazama kandambili zake. Daktari akaifunga faili.

"Andikeni," aliwaambia wanafunzi. "Mgonjwa alidanganya vipimo." Kisha, akiwa ameshageukia kitanda cha kumi na tano: "Mashine ya kusafisha damu ina foleni, mzee. Tutakuwekea jina. Na wewe, binti, kuanzia sasa andika mwenyewe kwenye chati. Kila tone."

Wakaenda. Dereva hakuleta mzaha. Alijifunika shuka hadi kichwani.

Mchana ulipogeuka, mzee alivuta pazia lake la kulabu pungufu. Alikaa muda mrefu. Alipomaliza alinyoosha mkono wenye chupa nje ya pazia, na mkwewe akaipokea. Ndani kulikuwa na kitu cha vidole viwili, kizito, cheusi. Chupa ilikuwa na joto. Mzee alisogeza pazia, akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, na hakugeukia ukuta.

Mkwe alichukua kalamu aliyoachiwa, akafungua chati miguuni pa kitanda, akatafuta kisanduku cha leo. Kimejaa. 1,500. Cha kesho, 1,500. Cha keshokutwa. Ilikuwa Alhamisi, na visanduku vilikuwa vimejaa hadi Jumapili, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, uliochoka.

"Sista," aliita. "Hii niiandike wapi?"

Muuguzi alikuwa akikimbia na dripu kuelekea kitanda cha thelathini. Hakugeuka.

"Kama jana?" alisema. "Mwaga tu."