Damu Yangu kwenye Daftari la Badria

Likizo ya Juni nilishika wadhifa mzito kuliko wowote niliowahi kupewa: nilikuwa kidole cha dada yangu Badria.

Naitwa Mudi, kidato cha tatu, shule ya bweni, mtaalamu wa kughushi sahihi ya mwalimu wa zamu. Badria alikuwa na mimba ya miezi minane na sukari iliyokuja na mimba hiyo. Nesi Theopista wa kliniki alimpa mashine ya kupimia, daftari na ratiba: ale kidogo kidogo mara tano kwa siku, asiruke mlo, ajipime asubuhi kabla ya kula na tena masaa mawili baada ya kila mlo.

Lakini Badria anauza vitenge vya jumla Kariakoo. Wateja wa Songea hushuka kwenye basi alfajiri, na saa moja wameshajaa dukani. Akianza kufungua marobota hali kitu mpaka saa tisa. Hapo huagiza wali wa nazi sahani mbili na soda, akamaliza amesimama.

Siku ya kwanza mashine ilisema kumi na mbili, juu kabisa ya kikomo cha nesi.

"Wakiiona hii watanilaza," alisema. "Nikilazwa sasa hivi, wateja wote wanahamia duka la jirani."

"Basi kula kwa saa, dada."

"Wewe umekula saa ngapi?"

"Saba."

"Lete kidole."

Nilikitoa kwa taadhima, kama waziri anayeapishwa. Tano nukta nane. Badria akaiandika kwa mwandiko safi. Tangu hapo nilikula ratiba yake kwa niaba yake, kwa nidhamu ambayo shuleni hawajapata kuiona kwangu. Kliniki, Theopista alilipekua daftari akasema, "Ungewafundisha wenzako. Sindano za sukari huhitaji." Tulipotoka getini tulicheka mpaka Badria akashika tumbo.

Wiki ya nne mtoto aliacha kucheza. Badria alikaa juu ya robota, akanywa maji baridi, akasubiri. Akanywa tena. Hospitali walisikiliza tumbo kwa muda mrefu, kisha wakaacha kusikiliza.

Alikuwa wa kiume. Kilo nne na nusu. Hakulia.

Wodini, Theopista alisimama na daftari mkononi. "Sielewi," alisema. "Namba hizi hazina tatizo."

Shemeji Abdulmalik alikuwa amemshika mkewe mkono. "Alifuata kila kitu, nesi. Ni kazi ya Mungu. Akijaalia mwingine, tutafanya hivi hivi."

Badria aligeukia ukutani.

"Shemeji," nilisema, "hiyo damu ni yangu."

Alinitazama kwa uchovu, maana ananijua. "Mudi, leo usinitanie."

"Sitanii. Ni yangu yote, tangu ukurasa wa kwanza."

Theopista akalifunga daftari taratibu.

"Mwambie mdogo wako aache," shemeji alimwambia Badria.

Badria hakuniambia niache.