Fundi Aliyejifungia Stoo

Fundi wa makufuli alikuwa mtu mwema, ila akishashika neno lake haliachi. Mwaka wa pili huu mdogo wake, aliyewahi kufungwa kwa wizi, alikuwa akilala dukani kwake, akifagia na kupaka vitasa mafuta, na kila wiki akiomba jambo lile lile: afundishwe kazi.

"Nimkabidhi fisi bucha?" fundi alimwambia mkewe. Wateja wakiuliza yule ni nani, alijibu, "Anafagia hapa." Jioni alilifunga kabati la vifaa, akaondoka na ufunguo shingoni.

Mkewe alikuwa akihudhuria darasa la jioni kanisani, na hakurudi mikono mitupu. "Padri anasema sheria ya kwanza ya Mungu haikuandikwa kwenye karatasi. Iko moyoni mwa kila mtu: tenda mema, epuka maovu. Na raha ya kweli ni mtu kufanya kile alichoumbiwa. Shemeji ana mikono ya kazi, mume wangu, wewe umempa ufagio."

"Kama iko moyoni, mbona watu wananunua makufuli?"

Mama wa watu akarudi jikoni. Fundi akatembea kifua mbele siku tatu nzima.

Siku ya nne akapachika kitasa kipya kwenye mlango wa stoo, akaingia ndani na kuubamiza ili akijaribu. Kikashika barabara. Ndipo akagundua amekipachika kinyume: tundu la ufunguo liko nje, na ufunguo anao mfukoni. Mtu mzima na ufundi wake wote! Stoo haikuwa na dirisha, wala chini ya mlango hapakupita hata karatasi.

"Kaka, tulia kidogo," mdogo wake alisema kutoka nje.

Fundi akaanza Baba Yetu. Hajafika nusu, mlango ukafunguka. Mdogo wake alikuwa amepiga magoti, mkononi ana vipande viwili vya waya uliofungia ufagio.

"Umejifunzia wapi?"

"Kwa kukutazama tu. Tangu nilipokuja."

Fundi akaligeukia kabati. "Na lile?"

"Lile jepesi kuliko hili."

"Na unalala humu peke yako! Mbona hujalifungua?"

Mdogo wake akamshangaa. "Si langu, kaka. Ndiyo maana nakuomba."

Fundi aliona aibu, kisha furaha ikampanda mpaka akaangua kicheko. "Leo shemeji yako atanicheka mpaka akae chini!" Akauvua ufunguo shingoni, akamvisha mdogo wake.

Mara bibi mmoja akaingia akihema: mlango umejifunga, yeye yuko nje na sufuria liko motoni. Mdogo mtu alikwishashika mkoba wa vifaa. Bibi akamkagua juu mpaka chini.

"Huyu nimwingize nyumbani kwangu? Kwani ni nani?"

"Ni mdogo wangu, bibi," fundi akasema. "Tumbo moja, toka nitoke."