Apdeti Iliyokula Mwangwi

Kwa Elihuruma, kubonyeza "Baadaye" kulikuwa sehemu ya kazi, kama kuwasha maiki. Kila alipokaa mbele ya kompyuta ya studio yake pale Sekei, ujumbe uleule ulichomoza pembeni mwa kioo: apdeti mpya ipo tayari, iwekwe sasa au baadaye? Naye alibonyeza "Baadaye" bila hata kuusoma, kama mtu anayefukuza nzi. Alianza mchezo huo wakati binti yake Hope akiwa chekechea. Sasa Hope yuko darasa la tatu.

Haukuwa uvivu. Alikuwa anaogopa. Mle ndani kila kitu kilikuwa kimeshazoeana na mwenzake: kompyuta, saundi kadi inayopokea sauti kutoka kwenye maiki, programu ya kurekodia na, zaidi ya vyote, kile kijiprogramu chake cha mwangwi. Hicho ndicho kilichomtoa, kikampa jina. Sauti ya mtu mmoja ikipita humo ilitoka kama imeimbwa ndani ya kanisa kubwa tupu, lenye dari iliyogusa mawingu. Watu wa kwaya, kuanzia Ngarenaro mpaka Terrat, wakisikia wimbo redioni walisema, "Hii ni ya Elihuruma." Naye akiambiwa hivyo alitembea kifua mbele hadi jirani wakamshangaa.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, baridi ya Mlima Meru ikiwa imeshuka hadi mjini, alikuwa uani akikung'uta mablanketi mazito anayoyatundika ukutani kuzuia kelele za nje. Kesho yake akina mama wa kwaya kutoka juu mlimani walikuwa wanateremka kurekodi wimbo wa sikukuu ya mavuno. Kiongozi wao alikuwa Mama Evaresta, mama mzazi wa mkewe Prisca. Mteja wa kawaida ukimharibia kazi, atakusema siku mbili tatu kisha atasahau. Mama mkwe ukimharibia, utasemwa kwenye kila harusi, kila kipaimara na kila msiba mpaka meno yakutoke.

Prisca alikuwa ndani ya studio akiwachapia akina mama maneno ya wimbo. Akatoka akiwa na tabasamu.

"Baba Hope, nimekusaidia. Kile kidude kilikuwa kinanichomozea kila nikiandika mstari. Nimekiruhusu kiendelee."

Elihuruma akasimama na blanketi mkononi. "Kidude gani?"

"Si hicho cha apdeti. Nimebonyeza 'Sasa'."

Blanketi likaanguka kwenye tope. Alipofika mbele ya kompyuta, kioo kilikuwa cha bluu, na maandishi yakimwomba asiizime. Asilimia zilipanda kwa mwendo wa mtu mwenye kidonda mguuni. Ndani ya boksi la kompyuta diski ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Walikunywa chai, wakala mchana, Hope akarudi kutoka shule, na bado mashine ilikuwa inahangaika.

Hatimaye ikawaka. Elihuruma akafungua programu ya kurekodia huku jasho jembamba likimtoka, na baridi yote ile. Programu ikafunguka vizuri, ikamwambia kwa upole kwamba haioni saundi kadi yoyote.

Akachomoa waya, akachomeka. Hakuna. Akazima, akawasha. Hakuna. Akakaa, mikono mapajani.

"Nifokee basi," Prisca alisema kutoka mlangoni.

"Nikifoka itaiona saundi kadi?"

"Haitaiona. Ila mimi nitajua tumemalizana."

Alitaka kununa, lakini kicheko kikamponyoka. Wakafunga lile boksi kwenye kanga mbili, na Elihuruma akapanda nalo bodaboda hadi Ngarenaro, amelikumbatia kama anampeleka mgonjwa hospitali.

Fundi Lemburis alikuwa na kibanda kati ya duka la rangi na fundi cherehani. Alikuwa kijana mrefu, mtaratibu wa maneno, na wanamuziki wengi wa mjini walipitia kwake. Aliliweka boksi mezani, akaliwasha, kisha badala ya kutazama kioo akainamisha sikio.

"Unasikia hiyo tiki, tiki?"

"Inafanya hivyo tangu zamani."

"Basi inaumwa tangu zamani. Kaka, apdeti haijakuua. Saundi kadi yako inataka draiva mpya, ile programu ndogo inayoifanya ielewane na kompyuta, na waliotengeneza wameshaitoa. Hiyo tunapakua sasa hivi. Mgonjwa ni diski. Humu ndani kuna sahani inazunguka na kijisindano kinasoma juu yake. Imechoka. Hii ingekufia siku yoyote, na nyimbo zote ndani."

Elihuruma akaweka kiganja juu ya boksi. Nyimbo zote. Harusi za watu, kwaya za watu, sauti ya Hope akiimba kabla meno ya mbele hayajamng'oka.

"Nirudishe tu pale nilipokuwa jana," alisema.

"Kurudi kunawezekana. Ila tutafuta kila kitu, tuweke mfumo wa zamani, halafu programu moja moja upya. Namba za kuzifungulia unazo?"

Hakuwa nazo. Nyingine alizinunua kwenye simu iliyoibwa miaka hiyo.

"Au," Lemburis akaendelea, akitoa kwenye droo kitu chembamba kisichozidi ukubwa wa kitambulisho, "vyote vilivyomo nakuhamishia kwenye diski hii mpya, SSD. Haina sahani wala sindano. Ni chipu tupu, kama kwenye simu yako. Unaenda mbele, hurudi."

Elihuruma alikitazama kile kitu. Hakikuwa na uzito wala sauti. Ilikuwa vigumu kuamini kwamba maisha yake yangeenea humo. Akafikiri kuhusu mama mkwe akishuka kwenye gari asubuhi na kundi lake lote.

"Weka," akasema.

Jioni, nyumbani, aliwasha kompyuta akageuka kuchukua kiti. Alipogeuka tena ilikuwa imeshafunguka, inamsubiri yeye. Akafikiri amekosea kitu. Boksi lilikuwa kimya kabisa. Saundi kadi ilionekana, maiki ilisikika, nyimbo zote zilikuwepo. Prisca akapiga makofi. Elihuruma naye alikuwa karibu kupiga, mpaka alipofungua kijiprogramu cha mwangwi.

Hakikufunguka. Akampigia Lemburis.

"Hicho ni cha zamani mno," fundi akamwambia. "Mfumo mpya haukikubali, na waliokitengeneza walishafunga biashara. Tumia kingine."

Alijaribu vingine. Kimoja kilikuwa kama choo cha stendi, kingine kama pipa la maji. Alivizima vyote, akamtazama Prisca kwa macho ya mtu aliyefiwa.

"Mama atasikia tofauti."

"Atasikia," Prisca alikubali, akageuka haraka kwenda kuangalia chungu jikoni.

Asubuhi akina mama walifika na kanga zao za kufanana, vicheko mlango mzima. Mama Evaresta alikuwa amebeba ndoo ndogo ya loshoro, ule mseto wa mahindi na maziwa mgando, kwa kuwa hakuamini kwamba mkwe wake analishwa vya kutosha mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mashine ni nzima? Prisca aliniambia kwenye simu imewapa shida."

"Ni nzima, mama. Ila..." Akaipokea ndoo. "Ule mwangwi wangu umepotea. Leo sauti zitatoka vilevile zilivyo. Nitautafuta mwingine, nitauongeza baadaye."

Mama Evaresta alimtazama, akamtazama binti yake, kisha akasema tu, "Turekodi, baba."

Waliimba. Elihuruma alivaa hedifoni akiwa amejiandaa kwa aibu, lakini kadiri wimbo ulivyoendelea mabega yake yalishuka. Kulikuwa na sauti moja ya chini, nzito na tulivu, iliyowabeba wenzake wote kama mgongo unavyobeba mtoto. Alimrekodi mwenye sauti hiyo mwaka jana na mwaka juzi, na hakuwahi kumsikia. Ilimbidi anyanyue kichwa kuangalia mdomo wa nani unacheza. Alikuwa Bibi Nkasiogi, mwembamba, amesimama nyuma kabisa karibu na blanketi.

Walipomaliza aliwachezea kwenye spika. Hakuna aliyetingisha hata bangili. Wimbo ulipoisha, Elihuruma alianza kujitetea: "Kama nilivyosema, mwangwi nita..."

"Usiuweke," Mama Evaresta alisema.

"Mama?"

"Usiuweke, mwanangu. Nakuomba." Akajifunga kanga upya, kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo. "Ule wimbo wa mwaka jana, mchungaji alipoupiga kanisani, mzee mmoja aliuliza kama tulirekodia pangoni. Maneno hayakusikika. Mimi mwenyewe nilishindwa kujua tuko ubeti wa ngapi."

Akina mama wakaangua kicheko, halafu wakaziba midomo kwa heshima. Elihuruma alihisi masikio yanamchoma.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie vipi, nawe mkwe wangu? Kila mtu mjini anakusifia. Nilisema, pengine ndivyo vijana wanavyopenda."

Elihuruma akamgeukia Prisca. "Na wewe ulijua?"

Prisca alikuwa anachunguza kucha zake. "Mama alinikataza."

Lilimuuma, asingeweza kukataa. Alikumbuka kifua alichotembea nacho barabarani. Lakini alipotazama nyuma ya chumba, Bibi Nkasiogi alikuwa amesogea hadi kwenye spika, mkono umefunika mdomo, macho yamelowa.

"Ile ya chini ni mimi?" aliuliza.

"Ni wewe, bibi."

"Naimba tangu nikiwa msichana. Sijawahi kujisikia." Akakunja uso. "Pale kwenye ubeti wa pili nimechelewa."

"Hakuna atakayejua, bibi."

"Zamani wasingejua. Sasa watajua. Turudie."

"Hata mimi nimepanda mno pale mwisho," mwingine akadakia.

"Na nani huyo aliyekohoa?"

"Ni wewe mwenyewe!"

Zogo likaanza, kila mmoja akidai lake, huku Mama Evaresta akipiga makofi kuwapanga upya. Elihuruma alizoea wateja wanaoomba wamalize waondoke. Hawa walikuwa wanavua sweta. Akafungua mkondo mpya wa kurekodia, na kabla hajashusha mkono kompyuta ilikuwa tayari. Akamwomba Prisca aongeze maji ya chai, akavaa hedifoni, akamwita Bibi Nkasiogi aje asimame mbele.