Kitabu Kilicholiwa na Kondoo

Kibwana Nassibu alikuwa na shughuli mbili, na watu wa pande za Miteja hawakuafikiana ipi ilikuwa kazi na ipi wazimu. Alifuga kondoo katika nchi ya watu wanaopenda mbuzi. Tena aliandika vitabu. Kitabu chake cha kwanza, hadithi fupi ya mchungaji na chui, kilipigwa chapa Dar es Salaam miaka michache baada ya Uhuru, na tangu hapo hata wasiokisoma walimwita Bwana Vitabu.

Aliandika hukohuko malishoni. Kondoo wakishatulia chini ya mikorosho, naye huketi, ubao mapajani, akaandika mpaka kivuli kiwahame. Jioni humsomea mkewe, Mwanaheri, huku mwenzake akichambua mchele. Mwanaheri hakujua kusoma, ila masikio alikuwa nayo. Mara nyingi alinyamaza. Mara nyingine alisema "mh" tu, na Kibwana hakuthubutu kuuliza maana ya ile "mh".

Kitabu cha pili kilimchukua miaka. Kilihusu njaa iliyofuata Vita vya Majimaji, na mwanamke aitwaye Somoe aliyembeba mgongoni mama mkwe wake, toka milima ya Umatumbi hadi pwani, kutafuta chakula. Ilikuwa imebaki sura ya mwisho ilipokuja amri ya watu wote kuhamia vijijini. Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nne.

Wapo waliohama kwa furaha na wapo waliohama kwa kusukumwa. Kibwana alikuwa kati na kati: shule na zahanati alizitaka, lakini malisho ya kijiji kipya, kando ya barabara kuu, hakuyajua. Siku lori lilipofika bondeni kwao, Mwanaheri alipanda na vyombo, na Kibwana akabaki ili awaswage kondoo kwa miguu.

"Mama Mwahija," alimwambia mkewe, "mswada wangu huo ndio mboni ya jicho. Na mawingu yale siyapendi."

"Wewe nenda na kondoo wako. Mswada niachie mimi."

Mwanaheri akatazama huku na huku. Kitu pekee kisichopitisha maji kilikuwa mfuko mzito wa plastiki ambamo Kibwana aliweka chumvi ya kuwalambisha kondoo. Akaimimina chumvi chunguni, akaukung'uta mfuko, akatia karatasi ndani na kuufunga kwa kamba ya ukindu. Moyo wake ukatulia.

Mvua haikunyesha. Lori lilishusha mizigo kwenye kiwanja walichogawiwa, vitu vyote nje, kwani nyumba ilikuwa bado nguzo tupu. Mwanaheri akaenda kisimani, akakuta foleni ya kijiji kizima. Wakati huo Kibwana naye akawasili na kundi lake, kondoo wakiwa wamechoka na njaa imewashika. Kondoo mmoja jike alikuwa ameshikwa na uchungu njiani. Kibwana akampeleka pembeni, chini ya mkorosho, akamsaidia mpaka akazaa salama.

Aliporudi na mtoto wa kondoo mikononi, alikuta kundi zima limesongamana juu ya mizigo. Walikuwa wameunusa mfuko wao. Kondoo dume, kichwa kimeinama kama mtu aliye ibadani, alikuwa akimalizia karatasi, kipande cha mwisho kikimning'inia mdomoni.

Zilizookolewa zilikuwa sura mbili za mwanzo, nazo zimekanyagwa. Mwanaheri alirudi na ndoo kichwani, akaona, akaitua polepole.

"Uliutia kwenye mfuko wa chumvi?" Kibwana aliuliza.

"Niliogopa mvua, Baba Mwahija."

Hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alikaa juu ya kinu kilicholala akatazama barabara, na tangu siku ile akawa mtu wa "ndiyo" na "hapana". Alijenga nyumba, alilima shamba la ujamaa na wenzake, alichunga. Ubao wake wa kuandikia akaugeuza kuwa mlango wa banda la kuku. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Abdulatifu, alipokuja kumweleza kwamba mkutano umekubali kondoo wabaki wake, mradi samadi iende shamba la wote, Kibwana alishukuru kwa kichwa tu.

"Na kitabu?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kimekwisha," akajibu. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Mwanaheri alikuwa kando akikuna nazi. Mwenyekiti alipoondoka, akaanza kusema, mikono ikiendelea na mbuzi ya nazi, kama anayejisemea mwenyewe:

"Siku waliyofika kwenye njia panda, Somoe alimtua mama mkwe wake juu ya jiwe. Akamwambia, 'Mama, mgongo umekataa.' Bibi akasema, 'Mgongo haukatai, mwanangu. Anayekataa ni mwenye mgongo.'"

Kibwana akageuka. Yalikuwa yaleyale, neno kwa neno, mwanzo wa sura ya tatu.

"Endelea," alisema.

Akaendelea. Alikumbuka yote: jina la kijito, rangi ya kaniki, hata kikohozi cha bibi. Kibwana alikwenda bandani akaung'oa ule mlango, kuku wakatawanyika wakilalama, akarudi na kuanza kuandika. Wakafika mahali ambapo Somoe, baada ya kumwacha bibi njia panda, anageuka kumrudia.

"Akarudi kwa hasira," alisema Mwanaheri.

Kalamu ikasimama. "Niliandika kwa huruma."

"Najua uliandikaje. Nilisema 'mh'."

"Sasa hasira ya nini?"

"Yule bibi alimsema vibaya siku ya harusi, mbele ya watu, na hakuwahi kumwomba radhi. Somoe akiwa peke yake njiani akakumbuka. Akasema, hafi huyu kabla hatujayamaliza! Akarudi, akambeba, wakagombana mpaka pwani. Huo ugomvi ndio uliowafikisha. Huruma ingekwisha njiani, Baba Mwahija. Mwenye njaa huruma anaitoa wapi?"

Kibwana alimtazama mkewe kama mtu aliyeonyeshwa chumba kingine katika nyumba yake mwenyewe. Kisha akacheka, kicheko cha kwanza tangu wahamie, akafuta alichoandika.

Kazi ile waliifanya wakitoka shamba, jioni baada ya jioni, na kwa kuwa nyumba za kijiji zilikuwa zimekaribiana, majirani wakaanza kusogea na mikeka yao. Wengine walibisha, wengine walilia. Kwa mara ya kwanza Kibwana aliona nyuso za wasomaji wake. Sura ya mwisho, ile ambayo ilikuwa haijawahi kuandikwa, waliitunga wawili, wakibishana kuliko Somoe na mkwewe.

Kitabu kilitoka kikiwa na majina mawili, na kikasomwa katika madarasa ya watu wazima mpaka Lindi. Mwanaheri naye aliingia darasani, akalalamika kwa mwalimu kwamba kitabu anachofundishwa amekwisha kukijua.

Asubuhi moja mgeni aliteremka kwenye basi la kusini, mwanamke wa makamo aliyejifunga vitenge viwili. Aliwasalimu, akakaribishwa kiti, lakini hakukaa. Alisema anaitwa Helena, ametoka Mtama.

"Nimekuja kuuliza," alisema, na kitabu kilikuwa mkononi mwake. "Ni nani aliyewasimulia habari za bibi yangu?"

Mume na mke wakatazamana.

"Hakuna, dada yangu," alisema Mwanaheri. "Tumezitunga wenyewe."

"Haiwezekani. Bibi yangu alibebwa hivihivi, wakitukanana njia nzima. Na walipofika Kilwa mkamwana alimtua bibi, wakakumbatiana, halafu hawakusemezana mwaka mzima. Hayo mbona hamkuyaandika?"

"Kwa sababu hatukuyajua," Mwanaheri alijibu, akimsogezea kiti. "Keti basi, dada, utuambie. Hawakusemezana kwa nini?"

Helena akakaa. Kibwana aliwafungulia kondoo wake, kisha akasimama nao mlangoni, akisikiliza, asiweze kuondoka.