Mkwe Chini ya Gari

Mimi gari lile sikulipenda tangu siku liliposhushwa. Lililetwa na lori la Hersi, yule Msomali wa Sultan Hamud, halina paa, halina magurudumu, panya wamezaa ndani, na lina viti viwili tu. Viwili! Mtu ana mke na watoto wanne, ananunua gari la viti viwili. Walisema ni gari la mbio, la Mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliyerudi kwao, na kwamba likitengenezwa vizuri watu watatoka Machakos kuja kulitazama. Nilimwambia binti yangu Muthoki kwamba mume wake amenunua mzoga. Akacheka.

"Mwaitu, mama yangu, waume wa wenzangu wanakunywa pombe," akasema. "Wangu anakunywa grisi. Wacha nishukuru."

Mume mwenyewe, Nzuki, sikuweza kumwambia chochote. Kwetu Ukambani mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasemezani. Tunaita nthoni, nayo ni heshima na aibu kwa pamoja. Tukikutana njiani yeye huingia kichakani na mimi hugeuza uso. Sikuwa nimewahi kula naye, wala kumgusa mkono, wala kutamka jina lake akiwa anasikia. Kukiwa na neno la lazima tunalipitisha kwa mtu mwingine, hata akiwa mtoto. Najua vijana wa siku hizi wanatucheka. Wacheke tu, sisi ndivyo tulivyolelewa, na mwaka ule wa sabini na sita hakuna aliyekuwa akicheka.

Basi nikienda kuwaona wajukuu pale kwao, chini ya vilima vya Mbooni, nilikaa jikoni, kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba. Nzuki alikaa mbele na gari lake. Siku za kazi alikuwa karani wa stesheni ya reli ya Sultan Hamud, lakini Jumamosi alivua viatu, akalala chini ya lile dude, akawa anagonga na kukwaruza mpaka jua lizame. Uso wake sikuujua vizuri. Kelele zake nilizijua kama mtu anavyojua kikohozi cha mumewe.

Jumamosi moja Muthoki alienda sokoni na watoto watatu wakubwa. Akaniachia Mulei, kitinda mimba, ambaye alikuwa bado hajajua hata kusema maji. Nilimfunga mgongoni na leso nikawa nachagua maharagwe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ardhi ilikuwa laini. Nilisikia chuma kikilia, kisha kishindo ambacho kilitikisa sufuria mekoni. Kugonga kukakoma.

Nilingoja kidogo nisikie akitukana, kama alivyozoea spana ikimteleza. Hakutukana. Nilitoka nje nikapiga ukemi, ule wa hatari, kuelekea ng'ambo kwa majirani. Nani angeitika siku ya soko? Mbwa tu ndio waliobweka.

Ndipo nikasikia sauti kutoka mbele ya nyumba, nyembamba, ya mtu anayebania pumzi.

"Mulei," ikasema. "Mulei, mwanangu. Mwambie susu asikaribie. Akimbie akaite watu."

Susu, yaani bibi, ndiye mimi. Mtu yuko chini ya gari na bado anamheshimu mama mkwe. Nilikasirika, sijui kama ni naye au ni dunia nzima. Nilijifunika uso kwa leso ya kichwani nikazunguka nyumba huku natazama chini, na kitu cha kwanza nilichokiona ni nyayo zake mbili zilizojaa tope, vidole vinachezacheza. Nikaitoa leso usoni. Kwa macho yaliyofunikwa ningemsaidiaje?

Jeki ilikuwa imezama kwenye udongo ikapinduka. Upande wa pili wa gari bado ulikaa juu ya mawe, lakini huu wa kwake ulikuwa umeshuka ukamlalia kifuani na begani. Kila alipotoa pumzi, gari lilishuka naye kidogo, na kila alipotaka kuvuta nyingine alipata nafasi ndogo zaidi. Watu wa kuitwa wangekuja kukuta maiti.

"Mulei," nikasema kwa nguvu, "mwambie babako watu hawapo. Mwambie ni mimi na wewe tu."

Kisha: "Mulei, mwambie susu... nguzo."

Nguzo nilikuwa nimeshaziona. Zilikuwa tatu, zile alizozisimamisha kuning'inizia injini alipoitoa, sasa zimelala kando ya ua. Sisi wanawake wa mwethya, kikundi cha kazi za pamoja, tuliochimba matuta ya Mbooni tumehamisha mawe makubwa kuliko gari lile. Nilivuta nguzo moja, nikasukuma ncha yake chini ya ubavu wa gari, nikaweka jiwe chini yake karibu na ncha, kisha nikapanda upande mwingine nikaikalia kwa uzito wangu wote, mtoto mgongoni. Nguzo ikalia. Gari likapanda.

Nilimsikia akivuta pumzi. Ilikuwa pumzi mbaya yenye mkwaruzo, lakini nilifurahi kuisikia kuliko wimbo wowote.

"Mulei, mwambie babako atoke!"

"Mwambie susu bega limevunjika. Siwezi kujivuta."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikishuka nikamvute, gari linamrudia, na safari hii halitamwachia. Nikibaki pale, nguvu zangu zina mwisho. Nguzo ilikuwa inataka kuteleza kwenye jiwe, maana kila kitu kilikuwa na tope.

Alisema, kupitia kwa Mulei, kwamba kuna gogo karibu na mkono wake mzima. Akiweza kulisogeza chini ya gari, litashika. Nikamwambia Mulei amwambie alisogeze upesi. Nikasikia gogo likikwaruza chini, likisimama, likikwaruza tena. Mtoto mgongoni alikuwa analia tangu mwanzo na sisi tunatumana maneno juu ya kilio chake, mimi naongea na hewa na yeye anaongea na hewa, kama wendawazimu wawili.

Kisha Mulei akanyamaza. Nilihisi kichwa chake kikilala kwenye uti wa mgongo wangu, kizito na chenye joto. Mtoto alikuwa amelala. Na gogo nalo likanyamaza.

"Mulei, mwambie babako asukume," nikasema.

Gogo halikusogea.

"Mulei, mwambie!"

Vidole vya miguu havikuchezacheza tena. Nikakaa juu ya nguzo ile na aibu yote niliyofundishwa na mama yangu, na yeye na mama yake, ikinilemea. Nilikuwa na jina mdomoni na lilikataa kutoka. Nasema ukweli, nilisita. Mtu anakufa na mimi nasita kwa sababu ya jina.

"Nzuki!" nikapiga kelele. "Wee Nzuki! Usilale! Ukilala nitashuka hapa nije nikuchape!"

Chini ya gari kitu kikakohoa. Baadaye niligundua kwamba alikuwa anacheka.

"Ukishuka," akasema, "nimekwisha."

Hakumtuma mtoto. Aliniambia mimi.

"Basi sema," nikamwambia. "Sema huku unasukuma. Sema chochote. Hili takataka ni la nini?"

"La Muthoki."

"Muthoki hajui hata baiskeli!"

Gogo likakwaruza. "Viti viwili," akasema, akapumzika, akasukuma tena. "Tangu tuoane hatujaenda mahali sisi wawili tu. Hata siku moja. Kila mara kuna mtoto, kuna mgeni, kuna mgonjwa. Nikasema nitalitengeneza nimpeleke Mombasa. Akiuliza watoto watakaa wapi, nitamwonyesha viti."

Nikaona aibu, na hii haikuwa ya nthoni. Nilikuwa nimemtukana mtu huyu jikoni kwake, nikila ugali wa unga wake.

"Sukuma, Nzuki," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imebadilika. "Sukuma, mwanangu."

"Ongeza kidogo tu. Juu."

Sikuwa na cha kuongeza. Nikaongeza. Nilijirusha juu ya nguzo nikajiangusha tena, kitu kikaniuma kiunoni ambacho hadi leo hakijapona, gari likanyanyuka upana wa kidole, na gogo likaingia. Nikashuka polepole kama mtu anayemlaza mtoto kitandani. Lilishika.

Ndipo nikamshika miguu, mimi mama mkwe wake, na kumburuta kwenye tope mpaka kichwa kikatoka. Uso wake ulikuwa umejaa tope na mdomo una damu. Tulitazamana. Yeye ndiye aliyefumba macho kwanza.

Muthoki alipotoka sokoni na watu, Nzuki alibebwa hadi barabarani akapelekwa hospitali. Bega lilikuwa limevunjika na mbavu pia, lakini alirudi nyumbani akiwa hai.

Siku chache baadaye wazee wa pande zote mbili walikuja kuuliza kama nthoni ilikuwa imevunjwa. Waliingia nyumbani mwake wakaketi karibu na kitanda, mimi nikabaki jikoni, mlango wazi. Mzee Mbuvi, ami yake, akamuuliza mbele ya wote: mama mkwe wako alisema nawe? Alikugusa?

"Hapana," Nzuki akajibu. "Alisema na mtoto. Mimi nilijivuta mwenyewe."

Kwa bega lililovunjika! Kila mtu alijua ni uongo, na kila mtu alishusha pumzi. Alikuwa ananisitiri. Ningepaswa kushukuru na kunyamaza, mambo yaishe, naye akipona aendelee kuingia kichakani akiniona. Nilijaribu, kwa kweli. Lakini niliyafikiria yale macho yake alipotoka chini ya gari, na nikafikiria siku nyingine atakapoanguka, mimi nikianza tena kutafuta mtoto wa kumtuma. Nikasimama.

Nilivuka ua nikasimama kwenye mlango wa nyumba ambayo sikuwa nimewahi kuikanyaga.

"Anadanganya," nikasema. "Nilimwita jina. Nilimshika miguu. Na akianguka tena nitamshika tena."

Wazee walitazama sakafu. Mzee Mbuvi aliuliza kama najua maana ya ninayosema, kwamba nthoni ikifunguliwa haifungiki tena, na lazima mbuzi achinjwe.

"Mbuzi ninaye," nikamjibu. "Mnamtaka leo au kesho?"

Muthoki alikuwa analia kwenye kona. Nzuki alijiinua kwa mkono wake mmoja, polepole, akaketi kama mtu anavyoketi mgeni anapofika. Alinitazama, na safari hii hakufumba macho.

"Karibu ndani, mwaitu," akasema.

Niliogopa kizingiti kile kuliko nilivyoogopa juu ya nguzo. Nikaingia.