Nyuzi za Miaka Kumi na Tisa

Kaka yangu hakuwahi kufuta nyuzi za gitaa lake la besi hata siku moja, nami nilimsema kwa hilo mpaka mate yakanikauka. Alikuwa anatafuna karanga huku anapiga. Jasho la vidole linaingia kwenye nyuzi, chumvi ya karanga inafuata, na yeye kafumba macho, hana habari. Wenzake wa bendi walimwita Mkokoteni, kwa sababu alikuwa mzito, hana haraka, na mzigo wote wa wimbo ulikaa juu yake. Mimi waliniita Sabuni. Sishiki gitaa bila kunawa mikono, na anayetaka kucheka na acheke.

Kazi yangu ni kutengeneza vyombo vya muziki. Nina chumba nyuma ya nyumba, meza ndefu, taa ya kuinamia, bisibisi zilizopangwa kwa ukubwa na makopo ya skrubu yenye vibandiko. Ukutani nimetundika magitaa saba ya besi, yote yangu, na mke wangu huwaambia wageni kwamba yeye ni mke wa nane, tena ndiye pekee asiyepakwa mafuta. Sibishi. Furaha yangu ni kulivua gitaa nyuzi zote, kuipima shingo kama imepinda, kusugua vile vyuma vya shingoni mpaka ving'ae, kuipaka mbao mafuta, halafu kufunga nyuzi mpya na kuusikia ule mlio wa kwanza, safi, mrefu, unaokaa hewani. Kuna watu wanaolia wakifunga goli. Mimi nimewahi kulia kwa ajili ya uzi mpya.

Sasa fikiria mtu kama mimi kuwa na kaka kama yule. Gitaa lake alilinunua kuukuu, rangi ya chai, akalifunga nyuzi mara moja, basi, hakuzigusa tena. Karibu na daraja, pale nyuzi zinaposhikiziwa, alichomeka chini yake kipande cha sponji ili sauti isiburute. Sponji ile naijua ilikotoka. Ilitoka kwenye godoro tulilokuwa tunalala wawili nyumbani kabla hajaoa. Mimi ndiye niliyelishika godoro, yeye akakata kwa wembe, na mama alipoliona shimo alituchapa wote, ingawa mimi nilikuwa nimeshaanza kunyoa ndevu.

"Niachie siku moja tu," nilikuwa namwambia. "Nyuzi zimekufa hizo. Zinafanya du, du, utadhani mtu anatua magunia."

"Ndivyo ninavyotaka."

"Toni yote unaifukia, kaka. Humo ndani mna gitaa zuri."

"Sabuni, wewe waogeshe wako saba. Huyu wangu hapendi maji."

Akacheka, akarusha karanga mdomoni. Miaka kumi na tisa tuliimba wimbo huo huo, na kila nilipomwomba alinikatalia.

Kisha akafa. Alikuwa amekaa mlangoni asubuhi anafunga kamba za viatu, moyo ukasimama. Kiatu kimoja kilikuwa kimeshafungwa. Zaidi ya hapo siwezi kusimulia, hata leo.

Mama alikuwa anaishi kwake. Masikio ya mama yalianza kufunga miaka mitatu kabla ya msiba huo. Daktari wa masikio alituambia kwamba sauti nyembamba zimeshaondoka, zimebaki nzito, na hizo nazo zitaondoka, hajui lini. Kwa hiyo mama hakusikia tena birika likichemka wala simu ikilia. Sauti ya shemeji yangu, mke wa kaka, aliisoma midomoni. Alisikia lori likipita, mlango ukigongwa kwa ngumi, na besi. Kila Jumamosi mchana kaka, ambaye mama alimwita Mkubwa, aliingiza amplifaya chumbani kwake, akakaa kwenye stuli, akampigia kipande kimoja cha polepole alichokitunga mwenyewe. Mama alilaza kiganja juu ya spika, akatikisa kichwa. Huo ndio ulikuwa mlango wa mwisho uliobaki wazi kati ya mama na dunia, na kaka ndiye aliyekuwa anaupita.

Mwezi wa pili baada ya mazishi, shemeji aliniletea gitaa, amelifunga kwa shuka.

"Shemeji, mama anakuulizia," alisema. "Anataka umpigie kile kipande cha Jumamosi, kwa gitaa hili hili. Anasema anataka amsikie Mkubwa tena kabla masikio hayajafunga."

"Nitakuja Jumamosi hii."

"Lina tatizo dogo. Pale unapochomeka waya pamelegea, panakwaruza. Kaza hapo tu."

Kaza hapo tu. Yalikuwa maneno matatu. Kazi yenyewe ni ya dakika tano, kukaza nati moja na kulehemu waya mmoja. Nikaifuta ahadi ya Jumamosi hiyo, nikamwambia aniachie wiki mbili.

Alipoondoka nilikaa na gitaa magotini, nikalia kwa sauti mpaka mke wangu akaja kufunga dirisha. Lilikuwa linanuka karanga. Shingoni kulikuwa na tope la jasho lake, jeusi, limeganda kando ya kila chuma. Nikajiambia, ndugu yangu, sikukufulia nguo wala sikukukanda mgongo, na siku ile sikuwepo mlangoni. Basi hili nitakufanyia. Na safari hii hakukuwa na wa kunikatalia.

Nilinawa mikono. Nikachukua koleo, nikazikata nyuzi katikati, moja baada ya nyingine, kama ninavyofanya siku zote, kwa sababu uzi mzee hauna kazi nyingine. Ule mnene ndio uliolia zaidi, nikatabasamu. Nilitabasamu, jamani. Niliichomoa sponji, ikavunjikavunjika mkononi, njano, nikaitupa kwenye pipa. Nikafuta tope lote kwa kitambaa na spiriti. Nikanyoosha shingo. Nikasugua vyuma kwa msasa laini siku nne. Mbao ikanywa mafuta, ikarudisha wekundu ambao sidhani kama kaka mwenyewe aliwahi kuuona. Nikakaza tundu la waya pia. Nikafunga nyuzi mpya, za bei ambayo sikumtajia mke wangu, na nilipougonga wa kwanza, sauti ilijaa chumba ikakaa, ikakaa, ikakaa. Sijapata kutengeneza gitaa vizuri namna ile. Nilisema kwa sauti, "Unaona? Nilikwambia."

Jumamosi niliwasha amplifaya chumbani kwa mama. Alikuwa amevaa vizuri, kajifunga kitambaa kipya, na kiganja kilikuwa tayari juu ya spika kabla sijakaa. Nikapiga kile kipande, nota kwa nota, nilikijua kuliko jina langu. Mama alifumba macho, akasikiliza, akayafumbua. Akalitazama gitaa, akanitazama mimi. Nikaacha.

"Huyu ni wewe," alisema.

"Ni gitaa la Mkubwa, mama!" Nilipaza sauti huku nikimwonyesha.

"Naliona. Unapiga vizuri, mwanangu, sikatai. Lakini Mkubwa akigonga, anaacha. Wewe unaburuta." Akanipigapiga goti, kunifariji mimi. "Nenda kaniletee yeye."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia nyuzi zinazometameta, akaangalia pale penye daraja palipokuwa na sponji.

"Nilikwambia ukaze hapo tu," alisema polepole, akarudi jikoni. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Nilirudi mbio. Pipa lilikuwa limeshabebwa na watu wa taka tangu Jumanne. Nyuzi za zamani nilizikuta kwenye kopo la vyuma chakavu, vipande vinane. Mimi, fundi wa miaka ishirini na tano, ambaye mwanafunzi angeniuliza kama uzi uliokatika unaungika ningemfukuza, nilikaa nikazilehemu nyuzi zilizokatika. Niliufunga ule mnene, nikaanza kuuvuta taratibu. Haukufika hata nusu ya mvutano wake. Ulikatika ukanichana shavu, na nikakaa pale damu ikidondokea meza yangu safi, nikajichukia vya kutosha.

Kilichobaki kilikuwa kuziua hizi mpya. Hakuna dawa ya kuua uzi kwa siku moja. Nilijaribu mafuta ya kupikia, nikajaribu maji ya chumvi, zikapata kutu lakini hazikupata ukimya ule. Sponji nilikata za vyombo, za viti, za kwenye maboksi ya redio. Sauti ilifupika, ila ilikuwa imekatwa, haikuwa imetua. Nikaelewa nilichokuwa nimekisugua kwa spiriti. Toni ya kaka haikuwa kwenye mbao wala kwenye sumaku za chini ya nyuzi. Ilikuwa ni yeye mwenyewe, jasho lake, ngozi yake, Jumamosi zake zote, zimeganda pale mahali nami nimezifuta kwa kitambaa, nikakitupa na kitambaa chenyewe.

Ikabaki njia moja, ile ya kwake. Nikaacha kunawa. Nilinunua karanga za chumvi. Kila siku baada ya kazi nilitafuna na kupiga, saa mbili, saa tatu, vidole vikinata, na mke wangu akichungulia mlangoni kana kwamba amemkuta mwanamume mwingine ndani.

"Sabuni leo kaishiwa sabuni?" aliuliza siku ya kwanza. Siku zilizofuata hakutania tena. Aliniletea bakuli la kuwekea maganda.

Jumamosi nilikuwa naenda kwa mama mikono mitupu. Alikuwa akiniuliza kwa kichwa tu, nami nikimwambia gitaa bado liko mezani, bado kidogo. Niliogopa kumpigia tena akanikataa. Ndiyo, niliogopa mama yangu mwenyewe.

"Fanya upesi," alikuwa anasema, na kugusa sikio. "Huku wanafunga."

Mwezi wa tano wa karanga, nyuzi zilianza kupoteza ule mlio wao mrefu. Wa saba, tope likaanza kuonekana tena kando ya vyuma, jeusi, na kwa mara ya kwanza maishani nililiona nikashukuru. Wa nane, siku ya Alhamisi, nikiwa na kipande cha sponji nilichokikata kwenye godoro langu mwenyewe, niligonga uzi mnene na ukafanya du. Ukanyamaza. Nikagonga tena. Du. Nilimwita mke wangu. Alisikiliza, akaziba mdomo kwa kanga. "Ni shemeji yangu huyo," alisema. Tukakumbatiana pale kati ya meza na magitaa saba yaliyokuwa yameshika vumbi.

Jumamosi ile nilifika mapema. Shemeji alinipokea amplifaya mlangoni. Nilimwona ana neno lakini sikumpa nafasi, nilikuwa na mwendo wa mtu anayeleta mgeni mkubwa. Nikaiweka chini mahali pake, nikamsogezea mama kiti, nikakaa kwenye stuli ya kaka, nikachomeka waya. Mama alilaza kiganja juu ya spika. Alikuwa amekonda.

Nikaanza kulegeza vidole juu ya nyuzi, zile nota nne za kwanza, kuona tu kama gitaa halijahama sauti njiani.

Uso wa mama ukafunguka. Sina namna nyingine ya kusema. Mikunjo yote iliondoka mahali ilipokuwa imekaa tangu msiba.

"Huyo!" alisema kwa nguvu. "Huyo, huyo. Ndiye yeye. Umemleta."

Akafumba macho akaanza kutikisa kichwa, taratibu, kwa ule mwendo wa Mkubwa.

Niligeuka kumtazama shemeji ili tufurahi pamoja. Alikuwa ameegemea fremu ya mlango, machozi yanamtoka, na alikuwa haniangalii mimi. Alikuwa anaangalia amplifaya.

"Tangu Jumatano," alisema kwa sauti ya kawaida, maana mama alikuwa amefumba macho, hakuweza kusoma midomo. "Nimegonga mlango kwa ngumi. Nimegonga sufuria nyuma yake. Hasikii kitu tena, shemeji."

Nikaangalia chini. Taa nyekundu ya amplifaya ilikuwa haijawaka. Nilikuwa sijaiwasha.

Mkono wangu ulikwenda kwenye swichi. Nilikuwa nayo, ile sauti. Nilikuwa nimeilima miezi minane kwa vidole vyangu, na ilikuwa humo kwenye nyuzi, tayari. Mama alikuwa anatabasamu kiganja kikiwa juu ya spika baridi, midomo yake ikihesabu. Angeuhisi mtetemo, ndiyo, na labda mtetemo huo ungekuwa wa kaka. Na labda ungekuwa wangu, na angefumbua macho.

Nikautoa mkono kwenye swichi. Nikakipiga kipande chote mpaka mwisho, polepole, bila kukosea nota hata moja, na mle chumbani hakuna aliyesikia kitu isipokuwa mama.